Doa la Bibo

Julia alijua ameangamia pale alipotia mkono mkobani kutafuta leso, vidole vyake vikagusa kitabu.

Humo hamkutakiwa kuwa na kitabu. Chake alikuwa amekwisha kukitia kapuni, kwa mkono wake mwenyewe, mbele za watu, robo saa iliyopita. Alikipekua hukohuko ndani ya mkoba, chini ya meza, kwa kidole gumba. Kurasa zilikuwa safi. Pembeni mwa maandishi hapakuwa na mstari wala neno, mpaka alipofika palipowekwa kipande cha karatasi, na pale aliikuta ile mistari yake mitatu ya adabu aliyoiandika jana kwa ajili ya mkutano wa leo. Basi kilichomo kapuni ni kile kingine, ambacho hata mama yake mzazi hajawahi kukishika.

Kijasho chembamba kilimtoka mgongoni, ingawa ukumbi ule wa kanisa pale Newala huwa na ubaridi hata Desemba, kwa upepo unaopanda kutoka bondeni. Alimtazama Mjomba Eliakimu, aliyekaa nyuma ya kapu akifuta miwani kwa ncha ya shati, bila haraka. Kisha akamtazama mtu mwingine, aliyekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, shati la buluu, mikono imelala magotini. Anwari, aliyealikwa siku hiyo kama mgeni wa kikundi, alipoona anatazamwa alitabasamu kidogo. Maskini, hakuwa anajua hili wala lile.

Sasa, msomaji wangu, ili usimwone Julia mtu wa kutetemeka ovyo, yafaa ujue mambo ya kikundi kile. Walikuwa watu tisa, wakulima, walimu, fundi cherehani mmoja na muuguzi mmoja, waliokubaliana kusoma riwaya mwaka mzima na kuzijadili kila mwisho wa mwezi. Mwanzilishi wao alikuwa Mwalimu Eliakimu, mkuu wa shule mstaafu, mzee wa kanisa, na kaka yake Mama Julia. Na kwa watu wa uwanda ule mjomba si mtu wa kupita kusalimia tu. Yeye ndiye anayeozesha. Baba mzazi hushauriwa, lakini neno la mwisho hutoka kwa mjomba, na baba yake Julia alikuwa amefariki miaka sita nyuma, kwa hiyo hata wa kushauriwa hakuwapo.

Kila Jumamosi ya pili ya Desemba wanakikundi huchagua riwaya bora ya mwaka, na Mwalimu Eliakimu alikuwa na taratibu zake ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa. Kila mtu aje na riwaya moja iliyomgusa kuliko zote. Iwe imevikwa jalada la kaki, ile karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji, zote zifanane, kwa sababu yeye aliamini watu wazima huchagua vitabu kwa sura ya msichana aliyechorwa juu. Ndani kuwekwe alama kwenye ukurasa mmoja wenye nguvu, na pembeni mwa ukurasa huo mchaguzi aandike maoni yake kwa mkono. Vitabu vyote hutiwa kapuni, kila mmoja huokota cha mwenziwe, husoma ukurasa ule kwa sauti, kisha husoma maoni kwa sauti, neno kwa neno. Ndipo mchaguzi husimama ajulikane, na mwishoni watu hupiga kura kwa korosho ghafi.

Maoni, kwa sauti, neno kwa neno. Hapo ndipo roho ya Julia ilipokuwa inaning'inia.

Yeye alikuwa na nakala mbili za riwaya moja, inayoitwa *Nyumba ya Upande wa Upepo*. Nakala ya kwanza ilikuwa imesafiri kati ya Newala na Masasi mara nyingi kuliko kondakta. Ilianza Januari. Anwari Abdulkadiri, mwenye duka la vitabu vilivyotumika pale Masasi, ndiye aliyekuwa akiwatumia riwaya kwa basi, na Julia, kwa kuwa ni katibu wa kikundi, ndiye aliyekuwa akizipokea na kuzirudisha. Siku moja alikuta kwenye ukurasa wa kumi na nane sentensi iliyomkera, akaandika pembeni kwa kalamu ya risasi, "Si kweli." Akakirudisha kitabu, akasahau. Mwezi uliofuata kilirudi ndani ya furushi, na chini ya maneno yake palikuwa na maandishi madogo yaliyoinama: "Kwa nini si kweli?"

Alijibu. Nani asingejibu?

Mwaka ule wote, Julia akiukumbuka, aliukumbuka kwa riwaya. Wakati wa masika walisoma ile ya mpelelezi aliyeogopa paka, na wote wawili wakaichukia. Juni, watu walipokuwa wanapuliza salfa kwenye mikorosho na kijiji kizima cha Mkunya kinanuka, alikuwa anasoma ile ya mjane na dereva wa lori, akawa analia darasani wakati wa mapumziko, wanafunzi wake wakadhani ni salfa. Nzuri zilikuwapo, mbaya zilikuwapo. Lakini ile ya nyumba na upepo haikuisha. Ilikuwa inaenda na kurudi, na pembeni mwake panajaa, mpaka ikafika mahali ambapo mabishano hayakuhusu tena watu wa kitabuni. Oktoba alikuwa anaisoma shambani huku akiokota korosho, maji ya bibo, lile tunda la mkorosho, yakadondokea jalada lake la kaki, yakaacha doa la kahawia kwenye pembe ya chini. Alilisugua halikutoka.

Nakala ya pili aliinunua kwa ajili ya leo, ili awe na kitu cha heshima cha kutia kapuni. Aliivika karatasi ya mfuko uleule wa saruji. Asubuhi zote mbili zilikuwa mezani alipoitwa na mama yake aje haraka amsalimu mshenga wa Charles.

Charles naye tumtaje, maana si mtu mbaya. Alikuwa mwalimu wa kwaya kutoka Chiwata, mpole, sauti nzito, na barua yake ya posa ilikuwa ndani ya Biblia ya Mama Julia tangu mwezi uliopita. Mshenga alipita tu kukumbusha kwamba jibu linangojwa Jumatatu. Julia alimpa shikamoo, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma, akarudi chumbani, akanyakua kitabu kimoja akakishika mkononi na kingine, maana cha siri hakikuachwa nyumbani, akakisukumia mkobani bila kuangalia pembe za majalada. Hivyo tu. Mtu anaweza kuharibu maisha yake kwa uharaka wa kutoka mbele ya mshenga.

Kuokota kulikuwa kumeshaanza. Wa kwanza alikuwa Huruma, muuguzi, rafiki yake Julia wa tangu utotoni, na Julia alimwomba Mungu kwa moyo wote Huruma aokote kile chenye doa. Angefungua, angeona, angekohoa, angesingizia macho. Huruma aliokota kingine. Baada yake akaja Sijaona, fundi cherehani, na jalada la kitabu alichookota lilikuwa safi. Kila mkono ulipotoka kapuni, Julia alikuwa anatazama pembe ya chini. Watu walisoma, watu walicheka. Yalisomwa maoni ya Sijaona mwenyewe, kwamba aliipenda ile ya mjane na dereva kwa kuwa ilimuunguzia ugali mara mbili, ukumbi ukaangua kicheko, na Julia akacheka nao bila kujua anacheka nini.

Zamu yake ilipofika, vilikuwa vimebaki vitatu.

Aliinama juu ya kapu. Viwili vilikuwa juu, safi. Cha tatu kilikuwa chini yao, na pembe yake ilichomoza kidogo. Doa lilikuwa pale. Alipeleka mkono, vidole vikagusa karatasi iliyokakamaa kwa maji ya bibo, na angekivuta hapo hapo mambo yangeisha. Kanuni ilisema ukiokota chako unakirudisha na kusema. Angeweza kusema. Angeweza kutoa kisingizio chochote, kwamba amekosea nakala, akakibadilisha mchana kweupe.

"Mwalimu Julia," Mjomba alisema bila kuinua uso, "hapa hatuchagui. Tunaokota."

Sauti ile. Ndiyo iliyomfundisha a, e, i, o, u, na ndiyo iliyosoma wasifu wa baba yake makaburini. Mkono wa Julia ulilegea, ukaokota cha juu. Alikisoma hicho alichookota kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na hata leo ukimuuliza kilikuwa kitabu gani hawezi kukuambia.

Bernard, mkulima wa Kitangari, aliokota cha nane. Kapuni kikabaki kimoja, na mwenyekiti ndiye huwa wa mwisho.

Mwalimu Eliakimu alivaa miwani. Alikigeuza kitabu, akaligusa doa kwa kidole, akatabasamu kidogo kama mtu aliyeona kitabu kinachosomwa shambani, jambo alilolipenda. Akakifungua palipokuwa na alama. Alama yenyewe ilikuwa tiketi ya basi ya kutoka Masasi. Pale mlangoni, shati la buluu lilisogea. Anwari alikuwa ameitambua tiketi yake, na Julia aliona rangi ikimtoka usoni. Walitazamana juu ya vichwa vya watu, na katika mtazamo ule mmoja kila mtu alimwuliza mwenziwe jambo lilelile.

Mjomba alisoma maandishi ya kitabu, kwa sauti yake ya madhabahuni. Palikuwa mahali ambapo yule mwanamke wa kwenye riwaya amesimama nyuma ya mlango, na mwanamume anayempenda yuko nje. "Upepo uligonga kabla yake," alisoma. "Alisimama mkono juu ya komeo, akangoja moyo utulie. Moyo haukutulia. Akasikia nyayo zikigeuka, zikashuka ngazi, na yeye bado ameshika komeo."

Macho yake yakahamia pembeni.

Julia hakuhitaji kuona. Alikuwa anajua ukurasa ule kama anavyojua Baba Yetu. Juu kabisa Anwari alikuwa ameandika: "Huyu mwanamke mwoga." Chini yake yeye: "Si mwoga. Ana kaka watatu na mama mgonjwa. Wewe umewahi kuwa na kaka watatu?" Chini yake Anwari: "Sina hata mmoja. Lakini ningekuwa mimi hapo nje nisingeshuka ngazi." Na halafu, kwa herufi zilizobanwa kwa kukosa nafasi, pamoja na tarehe ya ishirini na mbili Novemba: "Julia, nikija na wazee wangu, utafungua?" Baada ya hapo palikuwa peupe. Wiki tatu alikuwa anapakodolea macho pale peupe.

Mwalimu Eliakimu alifundisha miaka thelathini na minne. Mwandiko wa Julia aliuumba yeye mwenyewe kwa chaki. Mwandiko ule mwingine, ulioinama, ulikuwa juu ya kila furushi lililowahi kutoka Masasi.

Ukumbi ulingoja. Mtu alisogeza kiti. Sijaona, ambaye hawezi kuvumilia ukimya, akauliza kwa upole kama maoni hayapo.

"Yapo," Mjomba alisema. "Ni marefu. Nitayasoma nyumbani kwanza."

Haikuwahi kutokea. Watu waligeukiana. Yeye akaendelea, kwa sauti ileile, kumtaka mchaguzi wa kitabu hiki asimame kama ilivyo kawaida. Julia alisimama. Mjomba alimtazama kitambo, kisha akamvuka, akatazama mlangoni, kisha akarudi kwake.

"Kaa," alisema.

Kura zilipigwa. Ile ya mjane na dereva ilishinda kwa korosho sita, Sijaona akapigiwa vigelegele, na kitabu chenye doa kikapotelea ndani ya koti la Mwalimu Eliakimu.

Julia alitoka nje kwa kupitia mlango wa nyuma, akasimama kwenye kivuli cha tangi la maji. Alisikia hatua, akajua ni za nani kabla hajageuka. Mwaka mzima walikuwa wameonana mara tano tu, kila mara mbele za watu, na kila mara alikuwa akizikariri zile hatua.

Anwari alisimama mbali kidogo naye, kwa heshima ya mahali. Alimwambia anakwenda kuonana na Mwalimu sasa hivi, humo ndani, amweleze mwenyewe kabla maandishi hayajamweleza vibaya. Julia akamkatalia. Alimwambia hajui anachokisema, hamjui mjomba wake, mtu akimwendea akiwa na hasira, hasira hiyo humwandama mpaka siku ya kufa. Alimwambia arudi Masasi. Alimwambia asimwandikie tena mpaka yeye amwandikie. Maneno yalimtoka haraka, na alipoyasikia yeye mwenyewe yalimtisha kuliko mjomba.

"Basi nijibu," Anwari alisema. "Nikishajibiwa nitaondoka."

"Siwezi kujibu sasa."

"Sasa huwezi, na wiki tatu zilizopita hukuweza."

"Unaniona sina kazi? Jumatatu nyumbani wanatoa jibu la posa, Anwari. Si lako. La mtu mwingine. Mama yangu ameshaanza kuulizia kitenge cha sare."

Hilo Anwari hakuwa amelijua. Alitazama maji yanayodondoka kwenye koki ya tangi, na Julia alitamani alirudishe lile neno mdomoni. Alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikuona pale kapuni," alisema polepole. "Kilikuwa chini ya vidole vyako. Ukakiacha."

"Unaniita mwoga?"

"Nilimwita hivyo mtu wa kitabuni, ukanigombeza mwaka mzima. Wewe siwezi kukuita. Nakuuliza tu kama hujachoka. Mimi naogopa pia, Julia. Mama yangu akisikia ni mpwa wa mzee wa kanisa, sijui nitalala wapi. Bi Rahima mama yangu unamsikia tu. Lakini nilisema nitakuja na wazee, na nikisema nimesema. Nitakuja kwa nani, kama mwenye mlango hasemi?"

Julia alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, fupi, tayari. Ndani ya ukumbi mtu akakohoa, na kilikuwa kikohozi cha Mjomba, na neno likarudi lilikotoka.

Anwari alingoja kidogo zaidi. Kisha akasema basi lake ni la saa tisa, akamuaga, akaondoka. Alikwenda kwa mwendo wa kawaida, hakugeuka. Julia alisikia nyayo zikishuka zile ngazi tatu za ukumbi. Alikuwa ameshika koki ya tangi, na hakumbuki aliishika saa ngapi.

Nyumbani Mkunya alimkuta mama yake uani anapepeta mtama. Mama Julia alitaka kujua nani kashinda, na kama Mwalimu amekula, na kwa nini macho yake yamevimba. Julia alisema ni vumbi la barabarani. Alikaa kibarazani na rundo la madaftari ya darasa la tano, akasahihisha daftari moja kwa saa nzima. Alikuwa anamwona Mjomba akisoma. Sasa atakuwa amefika ukurasa wa arobaini, pale alipoandika kwamba hapendi kwaya. Sasa sabini na mbili, pale Anwari alipomuuliza anacheka vipi akiwa peke yake. Kila ukurasa uliompa raha mwaka huu ulikuwa sasa unamchoma. Saa tisa ilipita. Basi limeondoka. Alilia kidogo juu ya daftari la mtoto wa watu, akalifuta kwa kanga.

Saa kumi na nusu alimwona Mjomba akija kwa njia ya mikoroshoni, koti begani, kitabu mkononi. Hakukificha. Julia aliinuka, akampokea koti.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Alikaa. Alimwomba maji, akayanywa yote, akaweka kikombe chini. Uani ungo ulikuwa unaendelea, shaa, shaa, shaa, na Mama Julia aliitika salamu ya kaka yake kutoka hukohuko.

"Nimekisoma mara mbili," Mjomba alisema. "Mara ya kwanza nimesoma maandishi ya katikati. Mara ya pili nimesoma ya pembeni."

Julia aliinamisha kichwa. Alikuwa amejitayarisha kwa kelele, na sauti hii ya chini ilimtisha zaidi.

"Una mapenzi na mtu wa msikitini. Mwaka mzima, kwenye vitabu vya kikundi changu, chini ya pua yangu. Nimesema vibaya?"

"Hujasema vibaya, Mjomba."

"Nikikwambia nimefurahi nitakuwa mwongo. Sijafurahi. Nina maneno mengi juu ya jambo hili, na nitayasema, na huyo kijana akija nitayasema mbele ya wazee wake, kwa sauti. Sijui kama yataisha kwa ndiyo." Alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee kuliko asubuhi. "Lakini kitu kimoja sikukielewa. Mtu amekuuliza swali la heshima. Ametaja wazee. Hakukuita vichakani. Mbona hukumjibu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Hapo angeweza kusema mambo mengi. Kanisa, msikiti, mama, majirani wa Mkunya wasiokosa la kusema. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa madogo.

"Wewe," Julia alisema.

Mzee aliitazama mikono yake, akaigeuza, kama anatafuta juu yake kitu kilichowatisha watoto wa watu miaka thelathini na minne.

"Nimefundisha watu kusoma," Mjomba alisema mwishowe, "ili wasiniogope." Akaguna. "Nilidhani hivyo."

Aliinuka, akachukua koti lake. Alisema Charles hatapewa mtu aliyekwisha kuandika maneno kama yale kwa mwingine, hiyo itakuwa kumwibia mtoto wa watu wa Chiwata, na habari hiyo ataipeleka yeye mwenyewe Jumatatu. Kingine chote si chake. Mama yake Julia atauliza, na yeye hataki aulizwe yeye. Anataka aulizwe Julia, mwenye swali lake.

"Hata shuleni sikuwahi kumjibia mwanafunzi mtihani," alisema, akaondoka na njia yake.

Kitabu kilibaki juu ya kiti. Julia alikifungua penye tiketi. Kalamu ilikuwa imelazwa katikati ya kurasa, ile ya wino mwekundu ambayo Mwalimu Eliakimu alisahihishia vizazi viwili vya watu wa Mkunya. Na pale peupe, chini ya maandishi madogo yaliyoinama, palikuwa na mstari mmoja mwekundu, ulionyooka kama aliupigia rula:

"Swali la 22 Novemba. Halijajibiwa."

Hakuweka alama. Aliacha nafasi chini yake, ya kutosha neno moja.

Julia aliishika kalamu. Kalamu ya risasi ingefutika, hata angeandika angekuwa na pa kutokea. Hii haifutiki. Basi la Jumatatu asubuhi lingekibeba kitabu mpaka Masasi, na huko kuna mtu angekifungua, na kuna Bi Rahima, na huku kuna kanisa zima, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeahidi kuwa mwema. Alijua yote hayo. Moyo haukutulia. Aliandika hivyohivyo, herufi zikapinda, "Nitafungua."

Uani ungo ulisimama.

"Julia," mama yake aliita, "kaka amesema ana haraka gani hata hajala? Na wewe unaandika nini hapo ulivyojiinamia?"

"Naandika jibu, mama."

"La Charles? Si tumesema Jumatatu?"

Julia alipuliza wino ukauke, akasimama na kitabu kifuani, doa la bibo limetazama nje, akatembea mpaka uani, mpaka mbele ya mama yake.

"Si la Charles, mama," alisema. "La Anwari. Anwari Abdulkadiri, wa Masasi."